Meno ya Mgeni wa Chumba cha Nne

"Hosiyat, hebu niambie ukweli. Hii mikate iliyong'atwa unaitundika ukutani ili iweje? Unafuga panya?"

Swali hilo aliliuliza Saodat, jirani wa ukuta kwa ukuta, miaka sita iliyopita, na ua mzima ukacheka. Leo hakuna anayecheka. Wiki iliyopita, wasomaji wangu, tulimwacha Hosiyat mbele ya ukuta huo huo, kiganja mdomoni, akiutazama msumari wa tisa.

Msumari ulikuwa mtupu!

Aliyekosa gazeti asihangaike, nitamkumbusha kwa pumzi moja. Hosiyat ni mjane wa Bukhara mwenye nyumba ya wageni ya vyumba saba. Mgeni wake wa chumba cha nne, Konrad Felsner wa Austria, alilala siku tano, akala akashiba, akaenda zake. Miezi minne baadaye ikaja barua ya benki: mwenye kadi anasema hajawahi kufika Bukhara wala haijui nyumba hiyo. Malipo yamepingwa.

Hilo ni pingamizi la tatu mwaka huu. Likisimama, benki inachukua mashine ya kadi. Jumamosi wanakuja wauguzi wastaafu kumi na wanane kutoka Korea, na kampuni inayowaleta haipeleki watu kwenye nyumba isiyo na mashine. Bila wauguzi, Hosiyat anafunga lango, na nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa inakuwa duka la mazulia la mtu mwingine.

Ushahidi uliobaki duniani ulikuwa mmoja tu, mkate. Konrad aliung'ata asubuhi ya safari, kama ang'atavyo kila atokaye nyumba ile, na uliobaki ukatundikwa umsubiri arudi aumalize. Ulikuwa na meno yake, jina lake na tarehe yake.

Nao sasa haupo.

"Zebo!" aliita Hosiyat. "Zebo, njoo hapa!"

Mkamwana wake akatokea jikoni, mimba ya miezi saba mbele, yeye nyuma, akitafuna kitu.

Hosiyat akamtazama mdomo. Zebo akaacha kutafuna.

"Mama, usinitazame hivyo. Hii ni aprikoti kavu."

"Fungua mdomo."

"Mama!"

"Juzi ulikula chaki ya shule. Fungua nione."

Zebo akafungua. Kweli, ilikuwa aprikoti kavu.

"Miezi minne ule mkate umekauka," alisema Zebo, machozi ya kuonewa yakimlenga. "Umekuwa tofali. Hata mimba ina mipaka yake."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi. Saa nne kamili angefika kijana wa benki. Saa sita mchana kesi ingefungwa kule inakofungiwa, na hakuna mlango wa pili.

Wakatafuta. Chini ya vitanda vya uani, nyuma ya tanuri, ndani ya mapipa ya unga. Zebo akatafuta hata kwenye friji, akakaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ndipo lango likasukumwa na Saodat akaingia na chekecheo la unga mkononi.

"Nimelirudisha. Mbona mmepauka? Kafa nani?"

"Mkate wa chumba cha nne umepotea," alisema Hosiyat.

"Upi, wa yule jitu mwenye pengo?"

Hosiyat na Zebo wakageuka kwa pamoja kama walioitwa na mwalimu.

"Umeuona?"

"Nimeuona? Nimeuokoa! Jumanne nimekuja kuazima chekecheo, naukuta chini. Chini kabisa, jamani, kwenye vumbi, mkate! Upepo umeuangusha na nyinyi mko ndani mnatazama tamthilia. Nikauokota, nikaubusu, nikaugusisha kwenye paji la uso mara tatu, nikauweka juu kama mtu aliyelelewa."

"Juu wapi?"

Saodat akanyoosha kidole taratibu. Juu ya ukuta, juu ya mzabibu, ukingoni kabisa mwa paa, pale watu wote waungwana wa Bukhara huweka mkate uliookotwa.

Pale wanapokula ndege.

Njiwa kumi na wanne walikuwa wamekaa duara, wameinamisha vichwa kama wazee harusini.

"Ya Rabi," alisema Hosiyat. "Ngazi!"

Zebo hakuruhusiwa kupanda, kwa sababu mnazozijua. Saodat ana goti bovu. Hosiyat, miaka hamsini na minane, mwanamke asiyekosa swala wala asiyepandisha sauti sokoni, akajifunga kilemba upya, akakamata ngazi akasema Bismillahi.

Alikuwa kwenye kipago cha saba, mkono mmoja ukipunga ufagio, njiwa wakimzunguka kichwani, Saodat akipiga sufuria kwa mwiko na kufoka, "Wa kulia! Piga wa kulia, yule mnene!" pale mtu alipokohoa langoni.

Ikrom wa benki alikuwa amefika. Suti, mkoba na viatu vya kung'aa.

"Asalaam aleikum," alisema. "Nimekuja kuhusu mashine."

"Waaleikum salaam, mwanangu," alijibu Hosiyat kutoka angani. "Shika ngazi."

Ikrom akaweka mkoba chini, akashika ngazi. Njiwa mmoja akamtolea salamu zake begani.

Hosiyat akashuka na mkate kifuani kama mtoto aliyetolewa kisimani. Na hapa, wasomaji wangu, mshukuruni Mungu pamoja nami: njiwa walikuwa wameshindwa! Ukavu wa Bukhara ulikuwa umeugeuza jiwe. Walikuwa wamechimba kitobo upande mmoja wakakata tamaa. Alama za meno zilikuwa salama, na uzi wenye kijikaratasi ulikuwa bado unaning'inia: Konrad, chumba cha nne.

Saodat akapiga kigelegele. Zebo akacheza kidogo, kadiri mwili ulivyomruhusu. Hosiyat akauweka mkate juu ya meza ya chini uani, mbele ya kijana wa benki.

"Huyo hapo shahidi wako."

Ikrom akauangalia mkate. Akamwangalia Hosiyat. Akafuta bega kwa leso.

"Mama Hosiyat," alisema kwa upole wa daktari mwenye habari mbaya, "hii siwezi kuituma."

Kigelegele kikamkwama Saodat kooni.

"Kwa nini usitume?" aliuliza Hosiyat.

"Nitaandika nini? Ndugu wapendwa wa Austria, tafadhali pokeeni mkate? Wale wanataka mkono wa mwenye kadi. Sahihi yake, au awe ameingiza namba yake ya siri mwenyewe kwenye mashine. Vitabu vyenu vya wageni tulishapeleka, wamejibu kwamba karatasi kila mtu anaweza kuandika."

"Kwani hawana meno huko?" aliuliza Saodat.

"Jirani, nyamaza kidogo," alisema Hosiyat. Akamsogezea kijana mto wa kukalia, na Zebo akamimina chai, nusu bakuli, maana Bukhara bakuli likijaa ni kuaga, na mgeni bado alihitajika. "Mwanangu, nieleze kama unavyomweleza mama yako. Kosa letu ni lipi?"

Ikrom akashusha pumzi. "Kosa lenu ni adabu."

"Adabu?"

"Hoteli nyingine mgeni akifika tu anaingiza kadi na namba ya siri. Hata akipinga baadaye, hana pa kushika. Nyinyi mnafanya nini?"

Hosiyat akainamisha uso. Alijua wanachofanya. Baba mkwe wake aliweka sharti kwamba mgeni asidaiwe akiwa chini ya paa lao, na yeye alilishika hata baada ya mashine kuja. Mgeni aliandika namba za kadi kwenye karatasi, akang'ata mkate, akasindikizwa. Teksi ikishapinda kona, ndipo Zebo alipoitoa mashine kabatini na kubonyeza namba moja moja.

"Mnamtoza mtu akiwa njiani kwenda uwanja wa ndege," alisema Ikrom. "Kadi haipo, mwenyewe hayupo, sahihi hakuna. Hapo hasara ikitokea ni yenu, hata kama mgeni alilala mwaka mzima na kuoza jino hapa. Picha je? Hamkumpiga picha?"

"Alikataa," alisema Zebo haraka, na mara akajiuma mdomo.

Hosiyat akamkata jicho.

Maana Konrad hakuja peke yake, wasomaji wangu! Alikuwa na mwanamke. Na asubuhi ya safari mwanamke yule alimshika Hosiyat mikono miwili, akamwapisha juu ya mkate huo huo, Zebo akitafsiri kwa Kijerumani chake cha shule: yeyote asijue kwamba nilikuwa hapa. Yeyote! Na Hosiyat, kwa ulimi wake, akasema wallahi.

"Barua unayo?" aliuliza Hosiyat ili kuigeuza njia ya mazungumzo. "Hebu Zebo aisome tena."

Zebo akaisoma. Akarudi mstari wa juu. Akasogeza karatasi karibu na pua.

"Mama. Hapa mwenye kadi si K. Felsner."

"Ni nani?"

"R. Felsner."

Ikrom akainama kuisoma barua mwenyewe.

"Basi aliandika namba za kadi isiyo yake?" aliuliza Ikrom.

"Au ya nyumbani," alisema Saodat polepole, uso ukianza kumng'aa kama aliyeletewa sahani ya pilau. "Ya pamoja. Ya mke na mume. Mke kaona Bukhara, Bukhara, kamuuliza mume, mume kasema Bukhara ndiyo nini? Mke kapinga. Oho! Oho, jamani! Huyo mama kasema kweli tupu, hajawahi kufika!"

Lango likagongwa.

Akaingia mwanamke wa Kizungu, mwembamba, mrefu, nywele fupi za mvi, sanduku dogo likimfuata kwa magurudumu. Mkononi alikuwa na karatasi ya benki iliyokunjwa mara nne. Akautazama mzabibu, akautazama ukuta wa mikate, akasema neno moja ambalo halikuhitaji mkalimani.

"Felsner."

Bakuli la chai likamponyoka Ikrom, likamwagikia suruali.

Roswitha Felsner alikaa pale alipokaribishwa, akakataa jamu, akakubali chai, na kuuliza alichokuja kuuliza. Zebo akatafsiri.

"Anasema, kadi ni yake. Anasema, mume wake kaapa kwamba wiki ile alikuwa kwenye maonyesho ya vigae vya kuezekea. Anasema, aliwaambia benki hii nyumba ni ya wezi. Halafu hakulala. Kwa hiyo kapanda ndege aje aione hiyo nyumba ya wezi. Anakuuliza wewe, mama, kama mwanamke: mume wangu alilala hapa?"

Saa tano na nusu.

Ikrom akafungua mkoba kimyakimya, akatoa fomu, akaiweka mezani na kalamu juu yake. "Aandike tu kwamba malipo ni halali," alinong'ona. "Sahihi yake moja, pingamizi linakufa. Mwambie kweli, mama Hosiyat. Mashine inabaki."

Kweli! Hosiyat aliutazama uso wa mgeni wake. Uongo hakuwahi kuusema na hakutaka kuanza uzeeni. Kuhusu mume hakuapa kitu. Lakini akisema mume alikuwepo, swali la pili lingekuja, na swali la pili lilikuwa na kiapo juu yake.

"Mwambie ndiyo," alisema. "Siku tano. Alikula vizuri. Ni mtu wa heshima."

Zebo akatafsiri. Roswitha hakupepesa. Macho yake yalikuwa yameshuka mezani, kwenye mkate.

Akauchukua. Akasoma jina. Akaweka kidole cha shahada kwenye pengo katikati ya alama za meno, akakiacha pale, kama mtu anayeshika mkono wa mtu wake. Huyu alikuwa ameishi na meno yale miaka thelathini.

Akachukua kalamu.

Kalamu ilikuwa imekaribia karatasi upana wa punje ya mchele, ndipo mkono wake wa pili ulipougeuza mkate.

Upande wa pili kulikuwa na alama nyingine! Ndogo.

Kalamu ikawekwa chini.

"Anauliza," alisema Zebo, "huyu wa pili ni nani?"

Hosiyat akaanza kupangusa makombo mezani.

"Anauliza tena. Anasema, mwanamke? Alikuwa mwanamke?"

"Mwambie," alisema Hosiyat kwa shida, "kuna jambo nimeliapia juu ya mkate, nao ndio huo anaoushika. Siwezi."

"Mama, mashine!" alisema Zebo.

"Siwezi, mwanangu."

"Wauguzi kumi na wanane! Nyumba!"

"Zebo, siwezi. Mungu alisikia."

Macho ya Roswitha yakajaa. Akasimama nusu. Midomo yake ilikuwa imekwisha kuwa myeupe na kila mtu pale uani, hata Ikrom asiyeoa, alijua kwamba ndoa ya watu ilikuwa inavunjika juu ya kitambaa cha meza chao. Akakipitisha kidole gumba ndani ya alama ile ndogo, kwa chuki, kama anayetaka kuifuta.

Kidole kikateleza.

Akakirudisha. Kikateleza tena. Akausogeza mkate kwenye mwanga, akaikaribia ile alama kwa jicho moja.

Hakukuwa na meno. Palikuwa laini tupu, kama ukingo wa kikombe. Alama ya fizi!

Akakaa. Akauliza kitu, sauti ya chini kabisa.

"Anauliza," alisema Zebo, na sasa sauti yake ilikuwa inapanda juu bila ruhusa, "huyo mwanamke, alilalamika kwamba chai ni ya moto mno?"

Hosiyat akatazama angani.

"Na baadaye kwamba ni ya baridi mno?"

Hosiyat akahesabu vikonyo vya mzabibu.

"Na kwamba mto wa kulalia una mawe?"

"Kila siku!" alilipuka Saodat, ambaye hakuapishwa na mtu. "Kila siku ya Mungu! Mto una mawe, njiwa wana kelele, supu haina chumvi, mwanangu umekonda, mkeo hakulishi! Nilimsikia kutoka kwangu, yeye na tafsiri ya Zebo, nami nina ukuta wa nusu mita!"

"Saodat!" alisema Hosiyat.

"Wewe ndiye uliyeapa, mwenzangu. Mimi sikuwepo."

Zebo hakuhitaji kutafsiri vizuri, alitafsiri akicheka, na maneno ya Roswitha na ya Saodat yakatoka vipande vipande: mama mkwe wa Roswitha, miaka themanini na moja, aliyekatazwa safari na mkamwana wake kwa ajili ya ugonjwa wa moyo. Aliyesemekana kuwa kwenye maji moto ya tiba. Aliyepanda mnara hadi juu, akala pilau mara mbili, na kumkumbatia Hosiyat langoni akilia kwa sababu alitaka kuliona jiji hili tangu alipokuwa msichana.

Roswitha alianza kucheka kwa pua. Kicheko kikashuka tumboni. Akacheka mpaka akashika meza, Saodat akacheka kwa sababu yeye anacheka, Zebo akashika tumbo akisema jamani nitazaa hapa hapa, na Hosiyat mwenyewe, Mungu amsamehe, akauficha uso kwenye kilemba mabega yakimruka.

"Saa sita kasoro dakika nane," alisema Ikrom, karibu kulia.

Roswitha akafuta macho. Akachukua kalamu, akaandika mstari mmoja, akatia sahihi kubwa ya hasira na furaha pamoja. Ikrom akaipiga picha fomu, akaibonyeza simu, akasubiri. Simu ikalia mlio mmoja.

"Limefutwa," alisema. "Mama Hosiyat, limefutwa!"

Hosiyat akagusa uso kwa viganja viwili, alhamdulillahi. Halafu akaenda kabatini mwenyewe, akaitoa mashine ya kadi, akaipangusa vumbi kwa pindo la nguo na kuiweka kwenye sinia la chai, kati ya bakuli na sukari.

"Kuanzia wauguzi hao," alisema, "itakuja na chai. Kwanza chai, halafu namba ya siri. Baba mkwe atanielewa."

Akachukua birika, akamjazia Ikrom bakuli mpaka ukingoni, chai ikakaribia kumwagika. Kijana wa Bukhara hahitaji kuambiwa mara mbili bakuli lililojaa maana yake nini. Akalinywa kwa mkupuo, akaanza kutafuta mkoba.

Lakini aliyeondoka kwanza hakuwa yeye.

Roswitha alikuwa amesimama mbele ya ukuta. Alipita mkate mmoja baada ya mwingine, akisoma majina, mpaka msumari wa tisa.

"Anauliza," alisema Zebo, "kwenu mkate unatundikwa mpaka lini?"

"Mpaka mwenyewe arudi nyumbani, aukute, aumalize mbele ya watu," alisema Hosiyat. "Lakini mwambie asi..."

Zebo alikuwa amekwisha kutafsiri.

Roswitha akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa dawa aliyoitafuta muda mrefu. Akaushika msumari wa tisa kwa vidole viwili, akautikisa kushoto, akautikisa kulia, akaung'oa. Udongo kidogo ukamwagika. Akaufunga mkate kwenye skafu yake, akaweka msumari mfukoni, maana kwake Austria nako kuna ukuta, akashika mpini wa sanduku, akatoka langoni.